Viatu vya Mwenyekiti

Klabu ya Mwangaza, Ilala
Dar es Salaam
4 Februari 1974

Mwalimu Mabruki, shikamoo.

Nimefika, ni mzima, nakula. Najua haya matatu ndiyo utakayoulizwa na mama yangu kabla hajakaa kwenye benchi lako la baiskeli, kwa hiyo nimeyatanguliza.

Vijana tuko wengi, kila mmoja na mkoa wake. Klabu imetupa chumba kimoja kirefu nyuma ya ofisi na kila mtu kitanda. Asubuhi tunakwenda kiwandani kukunja vitambaa, jioni uwanjani. Mwalimu wetu anaitwa Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tabora, mtoto wa Masolwa, Mnyamwezi. Akaruka! "Ala! Mpagazi wangu huyo! Mzigo umeuacha wapi?" Nikamjibu, "Mzigo ndio wewe, nimekuja kukubeba." Wenzangu walicheka mpaka mazoezi yakachelewa kuanza. Tangu siku hiyo hanitaji jina, ni mpagazi tu, na mimi sina la kulalamika, mtani ni mtani.

Ninalolalamikia ni jingine. Amenikataza chenga. Mguso mmoja, pasi. Mguso wa pili, pasi. Nikipiga chenga ananitoa nje nikakae na mipira. Mimi, Mwalimu! Ambaye watu wa Isevya walikuwa wanafunga maduka kuja kuniona! Nimekaa na mipira jioni nyingi kuliko nilizocheza.

Halafu kuna Mwenyekiti wa klabu, Mzee Hatibu. Mtu mkubwa, kanzu nyeupe, bakora, viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Huyo hataki kabisa habari ya kulea vijana. Anasema klabu ya ligi si kliniki ya watoto, mchezaji huchukuliwa mikoani akiwa ameshaiva. Mwalimu Kondo kamwomba asubiri mpaka Aprili. Tutacheza na vijana wa Morogoro kabla ya mechi ya wakubwa, aone mwenyewe. Tukiharibu, kila mtu kwao.

Nisalimie nyumbani kwako wote, na Luhende golini kwake.

Mwanao katika mpira,
Sylvester Masolwa


Isevya, Tabora
13 Februari 1974

Sylvester,

Marahaba. Nani kakuambia watu walikuwa wanafunga maduka? Shomari alifunga lake mara moja, na siku hiyo alikuwa na homa.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa kucheka. Umekatazwa chenga! Alhamdulillahi. Sikiliza nikuambie. Uwanja wetu unaujua: hapa kisiki, pale shimo la wafyatua matofali, na mbuzi wa Bi Mwanajuma. Pasi ya chini haifiki. Mtoto anayecheza hapo lazima ajue chenga, la sivyo hata goli halioni. Ndiyo maana nilikuacha. Lakini huko mmepewa majani. Kwenye majani mpira ndio unaokimbia, si mtu. Huyo Kondo anakujengea chumba cha pili juu ya kile nilichokujengea mimi, na wewe unalia kwamba anakuharibia paa. Tulia! Kaa na mipira yake mpaka akuite.

Nyumbani kwenu wanahama. Wamepangiwa kijiji kipya upande wa Igalula, na ile nyumba ya karibu na Kipalapala imeshavunjwa. Baba yako anakata fito, mama yako yuko kwenye kibanda cha nyasi na mvua hizi. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama huko unakwenda kanisani. Nikamwambia huachi Jumapili hata moja. Sasa nenda, usinifanye mimi Mwislamu niwe mwongo kwa ajili ya misa yako.

Luhende ameanza kudaka mikwaju ya watu wazima. Kondo aliniandikia mwaka jana kwamba wewe ukishika mizizi huko, Luhende anafuata, na wengine nyuma yake. Ukirudi, ndiyo basi, Tabora hawatakuja kutazama tena. Kwa hiyo, kijana wangu, tafadhali sana, shika.

Mabruki, fundi baiskeli na msumbufu wako


Dar es Salaam
11 Machi 1974

Mwalimu, shikamoo.

Hapa ni salama tu. Mvua zimeanza. Mwalimu Kondo kafiwa na mama yake, Mungu amrehemu, na amekwenda Kisarawe mpaka arobaini ipite, kwa hiyo mazoezi ni ya kujifanyia wenyewe.

Nilitaka kuuliza. Lile benchi lako, bado unahitaji mtu wa kuziba pancha? Nauliza tu. Na huko Igalula wamepata nyumba au bado wako kibandani?

Kama mama akiuliza, mwambie naendelea vizuri.

Sylvester


Klabu ya Mwangaza
Dar es Salaam
12 Machi 1974

Kwa Ndugu Mabruki, Tabora.

Tunakuarifu kuwa mchezaji uliyetuletea, Ndugu Sylvester Masolwa, alikutwa chumbani kwake akiwa na viatu, kofia na bakora, mali ya Mwenyekiti wa klabu. Amesimamishwa. Mwisho wa mwezi huu ataondolewa na kurudishwa kwao. Kuhusu vijana wengine wa Tabora uliowataja, mazungumzo yamefungwa.

Katibu


Isevya, Tabora
18 Machi 1974

Sylvester,

Salamu sina.

Nimepokea barua ya Katibu. Nilipoifungua nilikuwa na wateja. Niliwaambia waende, nikafunga. Viatu! Kofia! Bakora! Bakora ya nini, wewe mwenye miguu miwili ya kulipwa? Mtoto wa mama kama Tekla, aliyelelewa pale seminari ya Kipalapala inapoonekana kwa macho, anakwenda Dar es Salaam kumvua mzee viatu!

Na wewe unaniandikia "hapa ni salama tu". Unaniuliza habari za pancha. Ulidhani sitajua? Mimi ndiye niliyesema, andikeni jina langu, huyu kijana namjua. Nimekujua tangu unacheza chandimu na mpira wa matambara. Nimekujua wapi basi? Sikujua kitu.

Mama yako alipita juzi kutoka Igalula, miguu imejaa udongo, kaniletea karanga za kukutumia. Nilizipokea. Sikumwambia. Nimeshindwa kumwambia, na hilo limeniuma kuliko barua yenyewe. Luhende naye kila jioni anauliza kama kuna habari. Namwambia posta imechelewa.

Niandikie ukweli. Kama uliiba, sema niliiba, nijue pa kuanzia. Usiniandikie habari za mvua.

Mabruki


Dar es Salaam
23 Machi 1974

Mwalimu, shikamoo. Najua hutaitikia.

Sikuiba. Nilinyamaza kwa aibu, maana nilichofanya ni cha kijinga kuliko wizi. Nakueleza chote.

Mama yake Mwalimu Kondo alifariki tarehe tatu. Msiba ulikuwa hapa Ilala kabla ya kumpeleka Kisarawe kumzika. Sisi vijana wote tulikwenda. Mwalimu, ule ulikuwa msiba wa Wazaramo! Na mimi ni nani kwa Wazaramo? Tangu babu zetu wanashuka pwani na misafara ya pembe, sisi na wao ni watani, na mtani haji msibani kulia. Nilimkuta mzee mmoja wa kwetu, Mnyamwezi wa Buguruni, kalala mlangoni, anazuia jeneza lisitoke mpaka wamlipe ukombozi. Watu wanalia na kucheka papo hapo. Aliponiona tu akasema, "Kijana, wewe umekuja kutazama? Fanya kazi!"

Nikatazama. Mbele kabisa ya mkeka, akipokea mikono ya rambirambi, amekaa Mwenyekiti. Nikasema moyoni, kumbe mzee huyu naye ni Mzaramo, kumbe ni mfiwa mwenyewe! Kofia kaivua kwa joto, kaiweka kando. Viatu viko mlangoni vinang'aa. Basi nikavivaa. Nikavaa kofia, nikachukua bakora, nikatoka uani nikawa Mwenyekiti. Nikahutubia. Nikasema klabu si kliniki, hata marehemu nimemchukua akiwa ameiva. Walicheka, Mwalimu, wanawake ndani walicheka mpaka kilio kikakatika. Halafu nikaondoka navyo, kama kwetu, nikaviweka chini ya kitanda, nikangoja atume mtu kuja kukomboa.

Hakuja mtu wa kukomboa. Walikuja Katibu na mgambo wawili.

Mwenyekiti ni Mngazija. Baba Mngazija, mama Mngazija. Wangazija na sisi hatujataniana tangu dunia iumbwe! Alirudi nyumbani peku, kwenye gari la watu, mbele ya wanachama wake. Nilipomwambia ni utani, akasema, "Utani na nani? Mimi na wewe tumekutana wapi?" Pale mbele alikaa kwa sababu aliyefariki ni mkwewe. Mkewe, Bi Sikuzani, ni dada yake Mwalimu Kondo. Wote wawili wako Kisarawe, na hakuna hapa anayethubutu kumtetea mtu aliyemvua Mwenyekiti viatu.

Nimepewa mpaka tarehe thelathini. Nafua jezi za wenzangu ili nisikae bure. Sina pa kurudi, Mwalimu. Nyumba imevunjwa, na nikifika kibandani kwa mama nikiwa mwizi, atafia humo. Na Luhende nimemfungia njia. Hilo ndilo linaninyima chakula.

Nisamehe.

Sylvester


Isevya, Tabora
26 Machi 1974

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Klabu ya Mwangaza, Mzee Hatibu.

Assalaam alaikum. Pole sana kwa kufiwa na mama mkwe. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Mimi ndiye Mabruki niliyekuletea yule kijana. Sikuandiki kumtetea. Alikuvua heshima mbele za watu, na ningekuwa karibu ningemchapa kwa bakora hiyohiyo. Mimi mwenyewe si Mnyamwezi, wazee wangu ni Wamanyema, lakini nimezaliwa Tabora na nimewaona hawa watu wakifanya makubwa. Mwaka aliofariki shangazi wa jirani yangu, watani walibeba sufuria ya nyama na mpishi ndani ya mkokoteni mmoja. Hakuna aliyekwenda polisi. Mwenye msiba alitoa jogoo, mpishi akarudi.

Kijana huyu alikukuta mahali pa mfiwa, akakufanya mfiwa. Kosa lake ni kwamba hakuuliza wewe ni nani. Kosa hilo nalikubali kwa niaba yake.

Natuma debe la asali ya Tabora kwa mkono wa karani wa treni ninayemfahamu. Si yako. Ni ya bibi, mfiwa hasa. Naomba jambo moja, na ukikataa sitakuudhi tena: kabla kijana hajapandishwa treni, ngoja Bi Sikuzani arudi. Msomee barua hii, umsimulie kila kitu kwa kinywa chako, pamoja na hotuba. Atakalosema yeye, mimi nalipokea.

Wako mtiifu,
Mabruki


Ilala, Dar es Salaam
15 Aprili 1974

Kwa Mzee Mabruki, Isevya.

Mpagazi wetu hatumrudishi, ng'o! Utusamehe, tafuta mwingine.

Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni Sikuzani, mke wa Mwenyekiti. Nimerudi kutoka Kisarawe juzi, baada ya arobaini ya mama. Nimekuta asali yako sebuleni haijaguswa na mume wangu kaizungukia siku zote hizo, kijana yuko bado chumbani kwao anafua jezi mpaka zimepauka. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu. Tarehe thelathini Katibu alikuwa amekwisha kata tikiti, mume wangu akamwambia, "Ngoja kwanza Mama Zuhura arudi." Ndivyo alivyo, anafoka lakini hapendi kuonea.

Basi alikaa akanisimulia. Alifika kwenye viatu, nikajikaza. Alifika kwenye hotuba, nikashindwa. Mzee wangu, nilikuwemo ndani siku ile! Nilisikia sauti uani inasema marehemu kachukuliwa akiwa ameiva, nikacheka na machozi yangu usoni, na sikujua ni nani. Siku nzima ile, ndicho kitu pekee kilichonipa pumzi. Mama yangu angekuwa hai angempa kuku huyo kijana.

Nikamwambia mume wangu: "Baba Zuhura, kijana kakosea wapi? Ulikaa mahali pa mfiwa, ukapokea mikono ya wafiwa, pilau ya wafiwa ukala. Ulipovuliwa viatu ndipo ukakumbuka wewe ni Mngazija? Ukioa Mzaramo umeoa na watani wake." Ndugu yangu Kondo alikuwa amekaa hapo, akainamia chini, mabega yanatikisika.

Kisha nikamwambia lililo baya zaidi. Vitu alivichukua kwa mgambo. Mtani hajalipwa ukombozi wake mpaka leo. Kwetu hilo ni deni, na deni la msiba wa mama yangu sitaki liniangukie mimi na wanangu. Amlipe. Amesema atamwita baada ya mechi na vijana wa Morogoro, kwanza aone kama mpira wenyewe anaujua.

Asali tumefungua. Mwambie mama yake kijana asiwe na wasiwasi, Jumapili namtoa mwenyewe mlangoni aende kanisani.

Sikuzani


Isevya, Tabora
19 Aprili 1974

Sylvester,

Marahaba! Marahaba ya zamani zote, na ile niliyokunyima.

Mke wangu Mwanamkuu alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimepatwa na kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya duka nacheka, barua ya Bi Sikuzani usoni. Nilipomsomea naye akakaa. Baiskeli ya mwalimu mmoja ilikaa na gurudumu moja mpaka jioni.

Nilikuita mwizi. Nakuomba radhi, mwanangu. Na wewe umeonywa: ukiingia nyumba ya watu, uliza kwanza kabila, ndipo uvae viatu.

Karanga za mama yako zinakuja na treni hii. Wamepata paa. Sasa cheza.

Mabruki


Dar es Salaam
29 Aprili 1974

Mwalimu wangu, shikamoo.

Jana tumecheza. Uwanja ulianza kujaa mapema kwa ajili ya mechi ya wakubwa, kwa hiyo watu walitukuta. Mwalimu Kondo alinipanga kiungo. Si winga, kiungo! Mguso mmoja, pasi. Kila mpira nilikuwa naufikia nimechelewa, maana tangu Machi sijacheza na watu. Morogoro wakatufunga kwanza, kwa mpira nilioupoteza mimi.

Nikatazama jukwaani. Mwenyekiti kasimama, bakora mkononi. Nikajua basi, yamekwisha. Mwalimu, alichofanya sikukitegemea hata kidogo. Aliniita kwa sauti ambayo uwanja mzima ulisikia: "We mpagazi! Umekuja kulala? Beba mzigo, usingizi kalale kwenu!" Mbele ya watu wote, mzee yule wa heshima! Wanachama wakageuka kumtazama, Bi Sikuzani akapiga kigelegele. Machozi yalinitoka palepale katikati ya uwanja, nikayafuta kwa jezi, nikaomba mpira.

Tulisawazisha. Dakika za mwisho nikapata mpira, mbele yangu mtu mmoja tu, na chenga ilikuwa inaniwasha mguuni. Nikatoa pasi. Mwenzangu wa Mtwara akafunga. Mwalimu Kondo hakunisifu, alisema tu, "Umeona?" Nimeona, Mwalimu. Nimeona alichokuwa anakitafuta siku zote zile za kukaa na mipira.

Jioni Mwenyekiti kaniita nyumbani. Amesema timu ya vijana inaendelea, na ameshamwambia Katibu. Kisha akakohoa, akatazama upande wa mkewe, akasema, "Haya, taja ukombozi wako, tumalize." Wenzangu walikuwa wamenituma niseme redio, chumbani kwetu hatuna. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema redio.

Nikasema, "Luhende."

Akauliza, "Luhende ndiyo nini? Jogoo?" Nikasema ni kipa, yuko Tabora, anadaka mikwaju ya watu wazima. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema watani hawa watammaliza, leo wanataka kitanda, kesho watataka klabu. Halafu akamwambia Katibu aandike, na barua hiyo imekwisha tiwa posta, mimi mwenyewe nimeipeleka.

Mama mwambie yote, hata ya mgambo. Sasa anaweza kuyasikia. Na Luhende mwambie leoleo, kabla hujaendelea na baiskeli ya mtu yeyote, aanze kufunga mizigo. Kitanda chake nimeshakitandika, kiko karibu na changu.

Mwanao,
Sylvester